"NI NEVA TU, MAMA": Mkojo wa farasi, kitabu kilicholipiwa kimyakimya, na ganzi ambayo wanawake waliambiwa waizoee

Mwaka 1953 madaktari wa New York walitoa orodha ya dalili 11 za mwanamke anayefikia komahedhi. Kila dalili ilipewa alama, unajumlisha, unapata namba inayoonyesha mama anateseka kiasi gani. Joto la ghafla liliwekwa juu kabisa, alama zake mara nne. Hilo kila mtu analijua, hata wewe umeshamwona mama au shangazi akijipepea kanisani wakati wenzake wamejitanda khanga.

Sasa soma dalili nyingine za orodha hiyo. Ganzi na kuchomachoma mikononi na miguuni. Kukosa usingizi. Wasiwasi. Huzuni. Kizunguzungu. Kichwa kuuma. Na moja ya ajabu, ile hisia kwamba siafu wanatembea juu ya ngozi au chini yake, ambayo madaktari waliipa jina lililotokana na neno la Kilatini la sisimizi. Zaidi ya nusu ya orodha ni mambo ya ubongo na mishipa ya fahamu.

Halafu fungua leo boksi la dawa ya homoni anayopewa mwanamke wa umri huo, vuta ile karatasi iliyokunjwa mara nane, nenda sehemu ya madhara. Kichwa kuuma, kipandauso, kizunguzungu, wasiwasi, huzuni, hasira za haraka. Kwa baadhi ya dawa utakuta na ganzi.

Kumbe ni ile ile! Kilichoandikwa 1953 kama tatizo linalotibiwa, leo kimeandikwa kama tatizo linaloweza kuletwa na tiba. Mama akisema vidole vyangu vinachomachoma, je, ni umri au ni kidonge? Swali hilo linaonekana jepesi, lakini limechukua karibu miaka 80 kupata majibu ya maana. Kwa sehemu kubwa ya muda huo, mwanamke aliyeliuliza alirudishwa nyumbani na jibu moja: ni neva zako tu.

KABLA YA KIDONGE

Neno lenyewe la kitabibu la komahedhi ni la Kifaransa, lililetwa na daktari mmoja wa Paris mwaka 1821. Wanawake walikuwa wanakoma hedhi tangu dunia iumbwe, ila sasa hali hiyo ikapata jina hospitalini, na ikishapata jina inatafutiwa dawa. Mwaka 1857 daktari wa London alichapisha kitabu kizima juu ya "mabadiliko ya maisha", akihesabu dalili za wanawake 500. Neva zilitawala. Kwa madaktari wa wakati ule mfumo wa uzazi na ubongo wa mwanamke vilikuwa kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja, huku kukivuja na kule kunalowa. Dawa zao? Kutoa damu, afyuni, na baadaye chumvi za bromidi za kutuliza, ambazo zenyewe zilikuwa zinasinzisha na kuvuruga akili zikinywewa muda mrefu. Kwa hiyo hata kabla ya homoni kugunduliwa, tayari kulikuwa na wanawake wanaolewa dawa ya neva kuliko walivyokuwa wakiumwa neva zenyewe.

Marekani nako, kuanzia 1875, mama mmoja wa mji wa Lynn, Massachusetts, aliuza chupa ya mitishamba kwa ajili ya "matatizo ya wanawake", komahedhi ikiwemo. Sura yake ilibandikwa kwenye chupa, na wanawake walialikwa wamwandikie barua, wamweleze siri zao zote, naye atajibu kama mama kwa mwanawe. Barua zilimiminika. Ndani ya chupa, karibu moja ya tano ilikuwa pombe. Mama mwenyewe alifariki 1883, lakini matangazo yaliendelea kuwaambia wanawake wamwandikie, mpaka mwaka 1905 gazeti moja la akina mama lilipochapisha picha ya kaburi lake. Influensa wa kwanza kujibu DM akiwa marehemu, labda.

Kicheko pembeni, barua zile zinaonyesha kitu. Wanawake walikuwa na mengi ya kusema kuhusu miili yao, na waliona bora wamwandikie sura iliyo kwenye chupa kuliko kumwambia daktari.

MZIGO KUTOKA ZIZINI

Homoni ya kike ya kwanza, aina mojawapo ya estrojeni, ilitenganishwa 1929, na wanasayansi wa Marekani na wa Ujerumani kila mmoja kivyake, kutoka kwenye mkojo wa wajawazito. Mwaka 1938 wataalamu wa Uingereza wakaunda estrojeni ya maabara, rahisi mno kutengeneza na haikuwekewa hatimiliki. Hiyo iliruhusiwa Marekani 1941 kwa dalili za komahedhi. Ripoti za mwanzo zilitaja kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kuumwa kichwa, na mabishano yakaanza pale pale: dawa ni kali mno, au wanawake hawa wana wasiwasi tu? (Dawa hiyo baadaye ilikuja kuwa balaa kubwa zaidi. Walipewa wajawazito, na mwaka 1971 ikabainika kwamba baadhi ya mabinti waliozaliwa walipata saratani adimu ya uke.)

Iliyochukua soko ni nyingine. Kampuni moja ya Montreal, Kanada, iligundua kwamba mkojo wa farasi jike mwenye mimba una estrojeni tele. Ukachujwa, ukafanywa vidonge, ukaitwa Premarin, jina lililounganishwa kutoka maneno matatu ya Kiingereza ya mimba, farasi jike na mkojo. Hawakuficha, jina lenyewe linasema. Kanada ilianza 1941, Marekani 1942, na vidonge hivyo vinauzwa mpaka leo.

Na vilifanya kazi, hilo lisemwe wazi. Joto la ghafla lilipungua, usingizi ukarudi, ukavu wa uke ukaondoka. Kwa mwanamke aliyekuwa anaamka mara tano usiku akiwa ameloa jasho, ile ilikuwa nafuu ya kweli na si kiki ya matangazo. Ndiyo maana stori hii haiwezi kusimuliwa kama filamu ya jambazi na mwathirika. Dawa nzuri iliuzwa vibaya, ikaandikiwa watu wengi mno, kwa miaka mingi mno, na aliyelalamika hakusikilizwa.

KIDONGE KIMOJA, KAZI MBILI: HOMONI NA "TULIA MAMA"

Mwaka 1955 Marekani ilipata dawa ya kutuliza wasiwasi iliyoitwa Miltown. Hollywood ilichanganyikiwa nayo. Mastaa waliinywa, wachekeshaji wakaitania kwenye televisheni, maduka ya dawa yakabandika matangazo kwamba imeisha na mzigo mpya unakuja kesho. Kampuni zikaona njia fupi. Kama mwanamke wa miaka 50 ana upungufu wa homoni na pia "ana neva", kwa nini asipewe vyote kwa mpigo?

Wakafanya hivyo. Estrojeni na kiambato cha Miltown vikachanganywa kwenye kidonge kimoja, kikauzwa kwa jina la Milprem. Kampuni ya Premarin ikatoa cha kwake, PMB. Baadaye likaja jingine, Menrium, lililochanganya estrojeni na Librium, ndugu mkubwa wa Valium. Hapa ndipo utaratibu mzima unapojionyesha. Mwanamke akisema ana kizunguzungu, amechoka, mikono imekufa ganzi, hana furaha, je, ni komahedhi? Ni estrojeni? Ni dawa ya kutuliza, ambayo yenyewe inasinzisha na kuleta kizunguzungu na utegemezi? Huwezi kujua tena. Vitu vitatu vimefungwa kwenye mfuko mmoja na mwenye mfuko anaambiwa atulie.

Na mara nyingi aliyekuwa akihurumiwa si yeye. Tangazo moja la wakati huo, kwenye majarida ya madaktari, lilionyesha dereva wa basi aliyechoka na kusema kwamba anayeteseka kwa upungufu wa estrojeni ni huyo mwanaume. Sababu ya mateso yake? Abiria wake mama mtu mzima. Yaani dawa anywe mama ili dereva apumue.

Wakati huo huo upande wa pili wa bahari kulikuwa na somo ambalo lingefaa kusikilizwa. Dawa nyingine ya usingizi na kutuliza, thalidomide, ilikuwa inauzwa Ulaya kama salama kabisa. Desemba 1960 daktari mmoja wa Uingereza aliandika barua fupi kwenye jarida la BMJ: wagonjwa wake walioitumia kwa muda mrefu wanapata ganzi na kuchomachoma kwenye vidole na nyayo, je, dawa ndiyo inayohusika? Huko Washington, daktari mwanamke aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, aliisoma barua ile. Akawaambia wauzaji: kama inaharibu mishipa ya fahamu ya mtu mzima, thibitisheni haimdhuru mtoto tumboni. Hawakuweza. Mwishoni mwa 1961 dunia ikajua kuhusu maelfu ya watoto waliozaliwa bila mikono au miguu iliyokamilika. Marekani ilipona kwa sehemu kubwa.

Malalamiko ya ganzi ya vidole, basi. Kitu ambacho kwa mwanamke wa miaka 52 wa Marekani kilikuwa kwenye orodha ya "neva za umri", kwa macho ya daktari aliyekuwa makini kilikuwa king'ora. Uingereza ilijifunza, na mwaka 1964 ikaanzisha kadi ya njano ambayo daktari anajaza akishuku madhara ya dawa.

KITABU

Mwaka 1966 daktari wa wanawake mwenye kliniki New York alitoa kitabu, Feminine Forever. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: komahedhi si hatua ya maisha, ni ugonjwa wa upungufu, sawa na kisukari kwa mtu asiye na insulini, na estrojeni ni lazima iingie kuanzia ujanani hadi kaburini. Mwanamke asiyeinywa, kwa maelezo yake, anaoza akiwa hai. Katika maandishi yake alifikia kuwafananisha baadhi ya wanawake wa umri huo na ng'ombe, kwa jinsi eti wanavyopoa na kutazama tu. Kinyume chake, anayekunywa atabaki laini, mchangamfu, na mumewe hatatoroka.

Kitabu kiliuza nakala 100,000 ndani ya miezi michache. Majarida ya urembo yakakishika. Mauzo ya estrojeni yakapaa, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa miongoni mwa dawa zilizoandikwa zaidi Marekani.

Miaka 36 baadaye, Julai 2002, mtoto wa kiume wa daktari huyo aliliambia gazeti la New York Times kwamba gharama za kuandika kitabu kile zililipwa na kampuni ya dawa, na taasisi ya baba yake ilifadhiliwa na kampuni hiyo hiyo. Siku hizi staa akiposti sabuni bila kuandika kwamba ni tangazo, wadau wanamchana chana kwenye komenti. Kitabu hiki kilipita bila lebo kwa zaidi ya robo karne, na waliokinunua walidhani wanasoma sayansi.

KARATASI NDANI YA BOKSI

Desemba 1975 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha tafiti mbili kwa pamoja. Moja ilikuta watumiaji wa estrojeni pekee wana uwezekano mara 4.5 wa kupata saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi, nyingine mara 7.6. Ndani ya miaka mitano idadi ya vidonge vilivyoandikwa ikashuka hadi karibu nusu.

Kwa stori ya neva, jambo kubwa ni lililofuata 1977. FDA iliamuru kwamba kila boksi la estrojeni liwe na karatasi ya maelezo kwa mgonjwa mwenyewe, kwa lugha ya kawaida. Vidonge vya uzazi wa mpango vilikuwa vimetangulia mwaka 1970, baada ya wanawake vijana kusimama katikati ya kikao cha Seneti na kuuliza kwa sauti kwa nini hakuna hata mwanamke mmoja aliyetumia vidonge anayeitwa kutoa ushahidi. Hilo la estrojeni lilipingwa mahakamani. Walalamikaji walikuwa chama cha watengenezaji wa dawa, na pamoja nao vyama vya madaktari. Hoja yao ilikuwa kwamba karatasi itaingilia kati ya daktari na mgonjwa wake. Na pia kulikuwa na hofu ya zamani, ambayo hadi leo ungali ukiisikia kwenye korido za kliniki: ukimwambia mwanamke kwamba dawa inaweza kuleta kizunguzungu, atakipata kizunguzungu.

Hofu hiyo ina chembe ya ukweli, watu wanaopewa vidonge bandia na kuonywa juu ya madhara hupata baadhi ya madhara hayo. Lakini jaribu kuigeuza: usipomwambia, na kikampata, atadhani ni uzee, ni mkosi, au amerogwa. Mahakama iliwakatalia walalamikaji. Karatasi ikabaki.

UTAFITI ULIOTIKISA DUNIA

Kampuni hazikukata tamaa. Ilionekana kwamba ukiongeza homoni ya pili, ya jamii ya projesteroni, mfuko wa uzazi unakingwa. Mauzo yakafufuka, na safari hii ahadi ikawa kubwa zaidi: homoni zitalinda moyo, zitalinda mifupa, na, sikia hili, zitalinda ubongo. Dawa iliyoanza kwa kutuliza "neva" sasa inatangazwa kama kinga ya kusahau uzeeni. Ushahidi ulitokana zaidi na kuwaangalia waliochagua wenyewe kuinywa, ambao mara nyingi walikuwa na kipato kizuri, elimu, bima na afya bora tangu mwanzo. Mwaka 1999 Marekani iliandika takriban oda milioni 90 za homoni hizi.

Hatimaye ukaja utafiti wa kweli, Women's Health Initiative. Wanawake 16,608 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu homoni mbili, nusu vidonge bandia, na hakuna aliyejua kapata kipi. Ndiyo njia pekee ya kulijibu lile swali la mwanzo, umri au kidonge, kwa sababu umri unakuwa sawa pande zote mbili na kinachobaki tofauti ni kidonge. Julai 2002 upande wa homoni mbili ulisimamishwa kabla ya muda. Kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, waliokunywa homoni walipata saratani ya matiti 8 zaidi, kuganda damu kwenye mapafu 8 zaidi, na kiharusi 8 zaidi, ingawa mifupa ya nyonga iliyovunjika ilikuwa 5 pungufu. Upande wa pili wa wanawake 10,739 waliotolewa kizazi, waliokuwa wanakunywa estrojeni pekee, ukasimamishwa 2004. Kule saratani ya matiti haikuongezeka. Kilichousimamisha kilikuwa kiharusi.

Katikati, Mei 2003, yakaja matokeo ya ubongo. Kati ya wanawake 4,532 wenye miaka 65 na zaidi, 61 walipata upotevu wa kumbukumbu wa uzeeni: 40 walikuwa kwenye homoni mbili na 21 kwenye vidonge bandia. Kinga ya ubongo iliyotangazwa ikageuka kuwa karibu hatari mara mbili. Ni wachache kwa hesabu, lakini kwa kundi lile mwelekeo ulikuwa ni huo.

Hapo dunia ikaruka upande wa pili, kama kawaida yake. Vichwa vya habari vikapiga kelele, boksi likawekwa onyo lenye fremu nyeusi, na wanawake wakamwaga vidonge chooni. Hadi 2003 oda zilikuwa zimeporomoka kuelekea milioni 57. Jambo ambalo vichwa vya habari havikuwa na nafasi nalo: wastani wa umri kwenye utafiti ulikuwa miaka 63. Wengi walianza homoni zaidi ya miaka kumi baada ya hedhi kukoma. Mwanamke wa miaka 49 asiyelala usiku kwa joto si mwanamke wa miaka 70 anayeanzishiwa leo, na tafiti zilizofuata kwa walioanza mapema hazikuona ubongo ukidhurika, wala ukiboreka. Kizazi kizima cha akina mama kikaachwa kivumilie kwa sababu ya takwimu za bibi zao.

SASA GANZI NI YA NANI?

Kwa yanayojulikana hadi leo, jibu ni kwamba pande zote mbili zina hatia. Estrojeni inafanya kazi ndani ya ubongo na kwenye mishipa ya fahamu, siyo kwenye kizazi peke yake. Ikiyumba, kama inavyoyumba miaka ya kuelekea komahedhi, kipandauso kinaamka, usingizi unavunjika, na wale siafu wa 1953 wanatembea kweli. Ukiirudisha kwa kidonge kinachopanda na kushuka kila siku, baadhi watapona kichwa na wengine kitazidi. Ndiyo maana mara nyingi wenye kipandauso huhamishiwa kwenye plasta ya ngozi, inayotoa dozi polepole.

Plasta na jeli zina faida nyingine. Kidonge kinapita kwanza kwenye ini, na ini likikutana na dozi hiyo huongeza vitu vinavyogandisha damu. Homoni inayopita kwenye ngozi inakwepa kona hiyo. Utafiti uliochapishwa BMJ mwaka 2010 ulikuta plasta za dozi ndogo haziongezi kiharusi, wakati vidonge viliongeza.

Estrojeni pia inaweza kufanya mwili utunze maji. Kwenye kifundo cha mkono kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye njia nyembamba sana, na ukibanwa kidogo tu, kidole gumba na viwili vinavyofuata vinakufa ganzi usiku. Tatizo hilo linawapata sana wanawake wa umri wa kati hata bila homoni, kwa hiyo tarehe ndiyo inayosaidia kuamua: lilianza kabla ya dawa au baada?

Kwa wenye kifafa tahadhari ni kubwa zaidi, kwa kuwa estrojeni huchochea ubongo. Jaribio moja dogo, wanawake 21 tu, lililochapishwa 2006, lilikuta degedege zikiongezeka kadiri dozi ilivyopanda.

Halafu kuna hili ambalo vijana wasiruke. Machi 2024 watafiti wa Ufaransa walichapisha kwamba baadhi ya homoni za jamii ya projesteroni zikitumiwa muda mrefu zinahusishwa na uvimbe kwenye utando wa ubongo, uvimbe ambao kwa kawaida si saratani lakini unaweza kuhitaji upasuaji. Moja ni medrogestone, iliyokuwa inaandikwa kwa komahedhi. Nyingine ni medroksiprojesteroni ya sindano, yaani ile sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango inayojulikana mno Tanzania, Kenya na Uganda. Uwezekano ulikuwa mara 5.6 kwa walioitumia mwaka mmoja au zaidi. Kabla hujakurupuka: uvimbe huu ni adimu, na mara tano ya kitu kidogo bado ni kidogo. Kitanzi chenye homoni, na projesteroni ya asili, hazikuonyesha ongezeko. Ni la kuongea na muuguzi kliniki, hasa kama kichwa kinauma kwa namna mpya au macho yanaona ukungu.

NEVA ZIMERUDI KWA MLANGO WA MBELE

Mwaka 2023 Marekani iliruhusu dawa mpya ya joto la ghafla, fezolinetant, isiyo na homoni kabisa. Inafanya kazi wapi? Kwenye kundi dogo la seli za neva ndani ya ubongo, karibu na kidhibiti joto cha mwili, ambazo estrojeni ikipungua zinakosa breki na kuwasha kengele ya joto bila moto. Kwa maana hiyo wale madaktari wa karne ya 19 walikuwa sahihi kwamba ni neva. Walikosea walipodhani kwamba kikiwa cha neva basi ni cha kujitungia. Na hii mpya nayo haikuchelewa kupata karatasi yake: Desemba 2024 iliongezewa onyo kali, safari hii la ini.

Novemba 2025 FDA ikatangaza kwamba ile fremu nyeusi ya mwaka 2003 itaondolewa kwenye dawa nyingi za homoni za komahedhi, kwa maelezo kwamba ilitisha wanawake wengi kuliko ilivyostahili. Onyo la saratani ya mfuko wa uzazi kwa estrojeni pekee linabaki. Wapo madaktari walioshangilia, wapo waliosema uamuzi umefanywa kwa haraka na huenda kelele za kuuza zikarudi kama za 1966.

Nyumbani, ripoti za madhara ya dawa Tanzania zinapokelewa na TMDA, na Kenya na Pharmacy and Poisons Board, na mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kutoa taarifa, si lazima daktari. Kinachohitajika ni vitu vidogo ambavyo binti anaweza kumsaidia mama yake kuandika kwenye simu: jina la dawa lililoko kwenye boksi, dozi, tarehe aliyoanza, tarehe ganzi au kizunguzungu kilipoanza, na kama kilipungua dawa ilipobadilishwa. Mdomo kupinda, mkono mmoja kulegea au maneno kutoka yamevurugika ghafla si vya kuandika. Hivyo ni vya hospitali, muda huo huo.